Kitwitwi wa Kibera, Mgeni wa Ukingoni

Mtoto wa pwani hafundishwi kumjua kitwitwi. Tangu Kiunga hata Vanga, maji yapwapo na matope yakaachwa wazi, ndege huyu mdogo huonekana akitembea mbio ukingoni, akidonoa hapa na pale, na mkia wake haupumziki. Watu wazima hawamtazami, maana nyama yake haitoshi kitoweo cha mtu mmoja. Watoto humrushia mawe wakamkosa. Huo ndio ujirani wetu naye, na wengi wetu twadhani kuwa ni mwenzetu, mzaliwa wa hapa hapa, asiyejua pengine ila pwani.

Leo nataka kumweleza msomaji mambo mawili. La kwanza, kitwitwi huyu ni mgeni, na nchi aliyozaliwa iko mbali kupita Makka na Sham. La pili, anapofika Kenya hashukii pwani peke yake. Wenziwe wengine hushukia Nairobi, katika vijito vya Kibera na Kawangware, mahali ambapo wengi wetu tusingedhani kuwa ndege mwenye akili angekaa. Na hili la pili latuhusu sisi watu wa pwani, kama nitakavyoeleza huko mbele.

SIFA ZAKE

Kwanza tukubaliane ni ndege yupi tunayemsema. Sisi hatuwabagui, wadogo wote watembeao ukingoni mwa maji twawaita vitwitwi, na katika hao zimo jamaa nyingi. Nimsemaye mimi ni yule mwenye mgongo wa rangi ya kahawia iliyofifia na tumbo jeupe pe, na weupe ule hupanda kidogo mbele ya bawa kama ukosi wa kanzu. Mdomo wake umenyooka, miguu si mirefu. Urefu wake ni kama sentimita 20, na uzito wake, gramu 50 hivi, haupiti yai moja la kuku.

Alama yake kubwa ni mkia. Akisimama, sehemu yake ya nyuma hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, kama mtu akaaye kwenye kiti cha bembea. Hata makinda yake hufanya hivyo yangali machanga. Akishtuliwa huruka chini chini juu ya maji, mabawa ameyakaza, akiyapiga kidogo kidogo kisha akiteleza, na huku akilia kwa sauti nyembamba ya kurudiarudia. Haendi mbali. Hutua ng'ambo ya pili, mkia ukaanza tena kazi yake.

Wataalamu wamempa jina la Actitis hypoleucos. Aliyemwandika kwanza katika vitabu vya elimu hiyo ni Linnaeus wa Sweden, mwaka 1758. Maneno hayo yana asili ya Kigiriki. La pili lasema kuwa chini yake ni mweupe. La kwanza maana yake ni mkaa pwani. Basi hata wazungu katika vitabu vyao wamemwita Mpwani, na aliye Mpwani akienda Nairobi kutafuta riziki si jambo la ajabu; sote tuna jamaa zetu huko.

NJIA ISIYO NA MWALIMU

Vitwitwi hawa huzaa katika nchi za kaskazini, kuanzia Ulaya, kupita Urusi, hata Japani. Huko hukaa kando ya mito na maziwa wakati wa kiangazi chao. Jike hutaga mayai manne chini, katika kishimo kilichotandikwa majani makavu, na yeye na dume hupokezana kuyaatamia kwa muda wa majuma matatu hivi. Vifaranga huanza kutembea na kujitafutia chakula mara tu baada ya kutotolewa, na baada ya majuma manne hivi huweza kuruka.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Majike wengi huondoka mapema, wakawaacha madume na watoto. Kisha madume nao huondoka. Wanaobaki nyuma ni watoto, ambao hawajapata kuiona Afrika wala hawana mzee wa kuwaongoza njia. Nao, siku yao ikifika, hujaza mafuta mwilini, huruka usiku, na huja. Wataalamu wanasema kuwa ndege wasafirio hivi huongozwa na jua, na nyota, na ile nguvu ya sumaku ya ardhi ambayo ndiyo ielekezayo dira za mabaharia. Hata hivyo, kutoka Moscow mpaka Nairobi kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 6,000, na anayeikata safari hiyo ana uzito wa yai. Sisi tuliosoma chuoni twajua kuwa Surat al-Mulk yatutaka tuwatazame ndege walio juu yetu, wanavyoyatandaza mabawa na kuyakunja. Nimeisoma sura hiyo tangu utotoni, na kila nikijifunza habari za safari hizi naiona amri ile ya kutazama kuwa ni kazi kubwa.

Elimu hii haikupatikana kwa urahisi. Zamani wako watu wa Ulaya walioamini kuwa ndege waondokao wakati wa baridi hujificha chini ya maji. Mwaka 1822 huko Ujerumani aliuawa korongo mmoja ambaye shingoni mwake mlikuwa na mkuki uliopenya, na mkuki wenyewe ulikuwa wa Afrika. Ndege yule alikuwa amepigwa huku, asife, akarudi kwao na ushahidi mwilini. Mpaka leo yumo katika chuo kikuu cha Rostock, amekaushwa. Baadaye, mwaka 1899, mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Mortensen, akaanza kuwavisha ndege pete za miguuni zenye anwani, ili atakayewapata ajue walikotoka. Mwaka huo huo reli ya Mombasa ilifika Nairobi. Kazi hiyo ya pete ilipoletwa Kenya ilionyesha kuwa baadhi ya ndege wa matopeni waliovishwa pete katika maziwa yetu ya Bonde la Ufa walipatikana Siberia.

Wageni hawa hufika Kenya tangu mwisho wa Julai na Agosti, na hukaa mpaka Aprili au mwanzo wa Mei. Ukihesabu miezi utaona kuwa maisha yao mengi yako kwetu. Kaskazini huenda kuzaa tu, kisha hurudi. Na kitwitwi akisharudi hupenda kushika mahali pale pale pa mwaka uliopita: jiwe lile lile, kipande kile kile cha matope. Mchana hukaa peke yake, na mwenziwe akiingia mpaka wake humfukuza. Jioni ugomvi huo huisha, nao hukusanyika walale pamoja. Pwani kwetu mikokoni ndipo wapendapo.

BWAWA LA KIBERA

Sasa twende Nairobi. Kibera ni jina la Wanubi, na asili yake ni Kibra, yaani msitu. Wanubi ni wajukuu wa askari wa Kisudani waliokuwa katika jeshi la King's African Rifles, nao walianza kukaa hapo mwanzoni mwa karne iliyopita, wakajenga nyumba na misikiti. Ardhi ile waliidai kwa miaka mingi, na mwaka 2017 walipewa hati ya ekari 288. Leo wamo Kibera watu wa kila kabila, na paa la nyumba moja lagusana na la pili.

Upande wa kusini wa mtaa liko Bwawa la Nairobi. Lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya kunywa ya mji, na eneo lake lilikuwa karibu ekari 88. Mto uliolijaza ni Motoine, ambao watoka magharibi, hupita katika msitu wa Ngong, ukaingia Kibera. Katika bwawa hilo watu walivua samaki, na wazungu na matajiri walikuwa na chama chao cha mashua za matanga. Kisha mji ukakua na mifereji ya kuondoa taka haikukua pamoja nao. Uchafu wa vyoo na majaa ukaingia mtoni, ukawa mbolea, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 gugu maji lilikuwa limelifunika bwawa. Jitihada za kuling'oa zimefanywa zaidi ya mara moja.

Nilikwenda huko mwezi wa Novemba, nikakutana na mzee mmoja wa Kinubi katika mtaa wa Makina baada ya sala ya alasiri. Tulishuka pamoja mpaka karibu na maji, yeye na bakora yake na mimi na viatu visivyofaa. Kando ya kijito, juu ya gurudumu la gari lililotupwa, alikuwako kitwitwi mmoja, mkia ukipanda na kushuka.

"Sheikh," nikamwuliza, "huyu nyinyi mwamwitaje?"

"Ndugu yangu, sisi tunamwita ndege wa maji tu," akajibu. "Lakini wakati bwawa liko wazi walizunguka pande zote. Sasa watakaa wapi?"

Swali hilo nililiona kuwa na elimu ndani yake. Maana ndege wengine wamestawi Kibera. Wale korongo wakubwa wenye vipara, marabu, hula takataka, na jaa kwao ni karamu. Yangeyange wamo pia. Kitwitwi hali taka. Chakula chake ni nzi, mbu, buibui, vijidudu vya majini na nyungunyungu, na huvipata mahali pamoja tu: pale ambapo maji yanaishia na ardhi yaanzia, penye tope lililo wazi au jiwe la kusimamia. Gugu likifunika pale, amefungiwa mlango. Taka zikimwagwa zikazika mawe, pia amefungiwa mlango.

KAWANGWARE

Kawangware iko kaskazini magharibi ya Kibera, nayo ina mto wake, ambao ndio ulioupa mji jina. Nairobi ni neno la Wamasai la maji baridi. Mto Nairobi watoka katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Huko juu ni chemchemi na matete. Ukifika pande za Kawangware umeshapewa kila kitu ambacho watu hawakitaki.

Lakini bondeni, kando ya mto, wako watu wanaolima. Utaona sukumawiki, na nduma, ambazo sisi twaziita majimbi, zimepandwa katika tope jeusi. Mama mmoja niliyemkuta akipalilia alinionyesha kwa jembe lake kitwitwi aliyekuwa akitembea kati ya matuta, wala hakumwogopa. Aliniambia kuwa huja mwezi wa nane kukiwa bado na baridi, kisha hupotea wakati wa mvua kubwa, na kuwa kila mwaka humwona katika kona ile ile. Hakuwa amesoma kitabu chochote cha ndege, na maneno yake yalilingana na vitabu. Mtoto wake akadakia, "Hako ni kandege kanadensi, babu," akanionyesha kwa kiuno chake jinsi kanavyodensi, mpaka mamaye akamkanya kwa kuwa mbele ya mzee.

Nikamwuliza yule mama kama haogopi kulima hapo. Akasema anaogopa mambo mawili, mafuriko na serikali. Msomaji atakumbuka mvua za Aprili na Mei 2024, ambazo mito ya Nairobi ilifurika, watu wakafa na wengi wakapoteza makao. Baada ya hapo serikali iliwataka waliokaa ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na nyumba nyingi zikabomolewa. Kusema kweli, mto ulikuwa umekuja kudai ukingo wake. Lakini pia ni kweli kuwa mtu hajengi kibanda penye mafuriko kwa kupenda. Hukaa ukingoni kwa sababu katikati hapana nafasi yake, au kodi ya katikati haiwezi.

MAJI YENYE SIFA TATU

Wako watakaosema: ikiwa ndege kutoka Urusi ameyachagua maji ya Kibera, basi maji hayo si mabaya kama yanavyosemwa. Hoja hiyo ni dhaifu. Chuoni tulisomeshwa kuwa maji mengi, yaliyofika kiasi cha kulatein, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka ibadilike moja katika sifa zake tatu: rangi, tamu au harufu. Mto wa Kibera niliuangalia rangi, na harufu ilinifikia kabla sijauona. Tamu sikuijaribu. Hapo hapana mjadala, na mtu hatii udhu.

Kitwitwi hafuati kanuni hiyo kwa kuwa yeye hakuja kutawadha. Nzi na vijidudu huzaana hata katika maji machafu, na yeye huwala. Kwa hivyo kuwapo kwake si hati ya usafi. Ila kuwapo kwake kwatueleza jambo moja: kuwa mahali hapo ukingo ungali wazi, ardhi na maji bado vyaonana. Na kutoweka kwake kwatueleza kuwa ukingo umekwisha.

Nayasema haya kwa sababu kila penye mpango wa kuisafisha mito ya Nairobi hutokea mawazo ya namna mbili. John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira tangu 2008 mpaka alipofariki 2012, alionyesha kuwa kazi hiyo yawezekana. Kando ya mto katikati ya jiji iko bustani yenye jina lake. Wengine huona kuwa dawa ya mto ni kuujengea kuta mbili za saruji zilizosimama wima, maji yapite kama ndani ya bomba. Maji yatapita, lakini hapatakuwa na tope wala jiwe, na kitwitwi hatakuwa na pa kutua. Wala mto hautakuwa na pa kutanuka mvua zikija, bali maji yatakimbizwa kwa kasi kumwendea jirani wa chini. Ukingo ulioachwa mpana, wenye majani na mteremko mdogo, humfaa ndege na humfaa mtu. Na wale wanaotolewa hapo wapewe kwanza mahali pa kukaa. Kumfukuza maskini ukingoni bila kumwonyesha pa kwenda ni kumtuma akatafute ukingo mwingine.

YATUHUSU NINI SISI

Nimeahidi kueleza yanavyotuhusu sisi wa pwani. Fuata maji. Motoine ukitoka katika bwawa la Kibera huitwa mto Ngong, hupita Eneo la Viwanda na Mukuru, ukakutana na mto Nairobi unaotoka Kawangware. Maji hayo yote huingia katika mto Athi. Athi ukishapita Tsavo huitwa Galana, na Galana ukikaribia pwani huitwa Sabaki, na Sabaki huingia baharini kaskazini ya Malindi. Wekundu wa bahari ya Malindi wakati wa mvua ni udongo wa bara. Na kabla ya kufika baharini, viko visima vya Baricho kando ya Sabaki, ambavyo maji yake hunywewa Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Njia ni ndefu, na mchanga huchuja mengi. Lakini mto ni ule ule. Anayesema kuwa uchafu wa Kibera ni shida ya watu wa Nairobi, na atazame birika lake.

Hapo mdomoni mwa Sabaki, na kwenye ghuba ya Mida karibu na Watamu, vitwitwi na jamaa zao wengi hukusanyika kila mwaka. Kila Januari, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wapenzi wa ndege wa Kenya huwahesabu ndege wa majini, katika maziwa ya Bonde la Ufa, katika mabwawa ya Nairobi na huku pwani. Kenya imetia saini mkataba wa Ramsar wa kuyalinda maeneo ya namna hii tangu 1990, na yaliyoandikishwa ni sita, la karibu nasi likiwa ni delta ya Tana, lililoingizwa mwaka 2012. Kijito cha Kibera hakimo katika orodha hiyo wala hakitazamiwi kuwamo. Basi ulinzi wake umebaki kwa watu wenyewe, kama yule mama wa Kawangware, ambaye kona yake ya tope ameiacha bila kuijaza.

Tangu safari ile nimetunga ubeti mmoja, nauweka hapa kwa washairi wenzangu wanaousoma ukurasa huu. Atakayependa na aujibu:

Kitwitwi mgeni wetu, watoka nchi ya mbali,
Hukuomba kitu chetu, ila jiwe na mahali,
Umepita kwa wenzetu, Misri hata Somali,
Ukingo wa mto wetu, tuwatunzie wawili.

Nao wawili niwasemao ni ndege na binadamu. Msomaji atakayetaka kumwona mgeni huyu ana nafasi tangu Agosti mpaka Aprili. Aliye pwani ashuke mikokoni maji yakupwa. Aliye Nairobi asimame juu ya daraja lolote la miguu Kibera au Kawangware asubuhi na mapema, atazame mawe. Akiona kitu kidogo chenye tumbo jeupe kinachotikisika nyuma, asikirushie jiwe, kimetoka mbali.